Dalali Asiyehesabu Meno ya Ng'ombe

Kuna utanzu wa maandishi ambao haufundishwi chuoni, haupewi tuzo, na wanaouandika huwa hawautaji wakiulizwa wanaandika nini. Ilhali kwa vijana wengi wa Juja, Rongai na Eldoret wanaokula kwa kibodi, utanzu huu umelipa kodi ya nyumba mara nyingi kuliko hadithi fupi. Unaujua. Kichwa chake huwa "Blenda 10 Bora za Mwaka Huu". Kuna utangulizi unaokuambia kwamba kuchagua blenda si kazi rahisi. Kuna orodha, faida na hasara, jedwali, na maswali yanayoulizwa sana. Kila baada ya aya mbili kuna kitufe cha rangi ya chungwa kinachokuomba uangalie bei. Ukibonyeza ukanunua, mwenye tovuti anapata asilimia kidogo ya ulichotumia. Hiyo ndiyo biashara yote.

Mtu anayetaka kufungua tovuti ya aina hii huja na maswali yale yale. Ninunue jina gani la tovuti? Makala ngapi ndio pesa ianze kuingia? Nijiunge na Amazon ama Jumia? Nitalipwaje? Na lazima niwe na hiyo bidhaa kweli? Hilo la mwisho huulizwa kwa sauti ya chini, kama mtu anayeulizia bei ya kiatu akijua mfukoni hana kitu. Na ndilo swali zito. Hayo mengine unaweza kuyajibu kabla chai ipoe. Hili moja ndilo linaamua kama unachoandika ni uhakiki ama ni kelele.

Kiswahili tayari kina msimamo kuhusu jambo hili. Neno uhakiki ni la ukoo mmoja na hakika na haki. Afisa akihakiki kitambulisho chako, anakishika, anakiangalia, anakilinganisha na uso wako. Hawezi kukihakiki kwa kusoma maoni ya watu wengine kuhusu kitambulisho chako. Kwa hivyo ukiita ukurasa wako uhakiki wa blenda na hujawahi kuisikia ikisaga, lugha yenyewe imeshakukana.

Pesa ilivyoingia

Tuwe fair kwanza: kamisheni haikuanza kama ulaghai. Amazon ilifungua mpango wake wa kulipa tovuti zinazoiletea wateja mwaka 1996, wakati bado ilijulikana kama duka la vitabu. Wazo lilikuwa rahisi: wewe unapenda vitabu vya upishi, unaviandikia kwa ukurasa wako, msomaji akinunua kupitia kwako unapewa chako. Kazi ya kupima bidhaa kwa niaba ya wanunuzi ilikuwepo hata kabla ya hapo. Consumer Reports ya Marekani iko tangu 1936, inajinunulia bidhaa inazopima na haichukui matangazo.

Mwaka 2011 Brian Lam akaanzisha Wirecutter, tovuti iliyoacha kupanga bidhaa kumi na kukuambia moja tu: chukua hii, na hizi ndizo sababu. Walizitumia bidhaa, wakaeleza walivyozipima, na wakasema wazi kwamba ukinunua wanapata kamisheni. Mwaka 2016 The New York Times ikainunua kwa takriban dola milioni 30.

Hapo ndipo kila mtu akaona mlango. Shida ni kwamba wengi waliiga umbo la Wirecutter wakaacha kazi yake. Umbo ni rahisi kuiga. Kuchemsha maji kwa birika ishirini tofauti ukipima dakika, hiyo ni ghali. Kumpa kijana wa Rongai maagizo kwamba anataka maneno 2,000, bidhaa kumi, na neno la kutafutwa lirudiwe mara kadhaa, hiyo ni bei ya nyama choma ya watu wawili.

Ndio maana kuna Mkenya amekaa kejani, bundles zinakaribia kuisha, anamshauri mzee wa Minnesota kuhusu mashine ya kuondoa theluji. Theluji ya pekee ambayo Mkenya huyo ameiona ni ile ya kilele cha Mlima Kenya, tena kutoka mbali, siku mawingu yalikubali. Sisemi hivyo kumcheka. Alifanya kazi aliyopewa kwa bei aliyopewa. Lakini tukiisoma kazi yenyewe kama maandishi, inaonyesha hali yake bila kutaka.

Sarufi ya mtu ambaye hakuwepo

Chukua makala yoyote ya namna hii uisome polepole, kama vile mwalimu wa fasihi alivyokulazimisha kusoma tamthilia. Jambo la kwanza utagundua ni kwamba ndani hakuna mtu. Hakuna mkono unaoshika kitu, hakuna jikoni, hakuna Jumanne. Vitenzi vyote vimejificha: "imeundwa kwa ustadi", "imetengenezwa kudumu", "inasifiwa na watumiaji wengi". Nani alisifu? Alisifu lini, akiwa amelipa ngapi?

Jambo la pili ni vivumishi. Vyote ni vya aina ambayo haiwezi kushikwa ikiwa ya uongo. "Maridadi." "Ya kisasa." "Yenye nguvu ya kutosha." Nguvu ya kutosha kufanya nini? Kusaga nyanya ama kusaga njugu? Sentensi kama "inasaga njugu lakini baada ya dakika mbili inanuka plastiki" inaweza kukanushwa na mtu yeyote aliye na blenda hiyo. Ndio maana ina thamani. Mwandishi ambaye hajaigusa hathubutu kuiandika.

Jambo la tatu, na ndilo hunichekesha zaidi, ni sehemu ya hasara. Hasara za makala hizi ni sifa zilizovaa nguo za huzuni. "Huja kwa rangi mbili pekee." "Huenda ikawa na nguvu kupita mahitaji yako." Ni kama yule mtu wa mahojiano ya kazi anayeulizwa udhaifu wake anajibu ati yeye hupenda kazi sana. Mwisho wa yote, bidhaa kumi zimepita mbele yako na hakuna hata moja uliyoambiwa uiache. Harusi gani hiyo kila mgeni ni bwana harusi?

Mwezi Novemba 2023 utanzu huu ulifika mwisho wake wa kimantiki. Jarida la mtandaoni la Futurism liligundua kwamba tovuti ya Sports Illustrated, jina kubwa la uandishi wa michezo Marekani, ilikuwa na makala za bidhaa zilizoandikwa na watu ambao hawapo. Mmoja aliitwa Drew Ortiz. Alikuwa na wasifu wa mtu anayependa maisha ya nje, na picha ya uso wake ilikuwa ikiuzwa kwenye tovuti ya sura zilizotengenezwa na akili unde. Katika makala yake kuhusu mipira ya voliboli aliwaonya wasomaji kwamba mchezo huo ni mgumu kuuanza, hasa kama huna mpira. Kampuni iliyochapisha jarida hilo ilisema makala zilitoka kwa kampuni nyingine ya nje, AdVon, na ikakata uhusiano nayo. AdVon nayo ilidai makala ziliandikwa na binadamu.

Mimi hilo la mwisho halinisumbui. Hata tukikubali kwamba binadamu ndiye aliandika, sentensi ile ya mpira ni sentensi ya mtu ambaye hakuwa na mpira. Akili unde haikuvumbua uhakiki usio na mtu. Ilikuta nyumba tayari iko wazi, ikaingia.

Dalali na kamagera

Nairobi tunajua kazi ya kulipwa kwa kuleta mteja. Pale steji kuna kamagera anayeita abiria, na kuna wale wanaolipwa kukaa ndani ya matatu ili ionekane imebakisha viti viwili tu. Ukiingia, wanashuka mmoja mmoja, na wewe unabaki ukingoja nusu saa. Hao ndio nyota tano za uwongo. Hao ndio akina Drew Ortiz.

Lakini kuna dalali wa aina nyingine. Nenda soko la ng'ombe. Dalali anayeheshimika pale hufungua mdomo wa ng'ombe akaangalia meno kujua umri, akashika kiwele, akamtembeza aone kama anachechemea. Naye analipwa kamisheni. Naye anataka biashara ifungwe. Tofauti ni kwamba wiki ijayo atakuwa soko lile lile, na mwenye ng'ombe aliyedanganywa anajua anakoketi. Dhambi ya dalali haijawahi kuwa kamisheni. Dhambi ni kumsifu ng'ombe ambaye hukufungua mdomo wake.

Ukielewa hilo, maswali ya anayeanza yanajipanga yenyewe.

Niandike kuhusu nini?

Andika kuhusu vitu unavyoishi navyo. Watu husema chagua bidhaa za bei ya juu kwa sababu kamisheni ni nono, lakini hesabu ya msomaji ni tofauti. Mkenya anayetafuta blenda leo huletewa ushauri wa Wamarekani. Kule umeme wa nyumbani ni volti 120. Kwetu ni volti 240 na soketi ya pini tatu bapa. Ile blenda namba moja ya orodha, mtu akiagizia binamu aliye Dallas amletee Desemba, akaichomeka Umoja bila transfoma, inaweza kuungua siku hiyo hiyo. Makala haikumdanganya. Haikumjua tu. Hapo ndipo nafasi yako iko: kumjua msomaji ambaye hao wengine hawamjui.

Lazima ninunue?

Lazima uguse. Kununua ni njia moja tu ya kugusa. Azima kwa jirani. Anza na vile viko kwako tayari: simu unayoishika sai, meko, godoro ulilolalia miaka mitatu. Kuandika kuhusu kitu baada ya miaka mitatu ni bora kuliko kuandika siku ya kufungua boksi, maana siku ya kufungua boksi kila kitu ni kizuri.

Na usiniambie huna maabara. Mita ya tokeni ni maabara. Tuseme unapima preshakuka ya umeme. Loweka nusu kilo ya maharagwe usiku kucha. Zima kila kitu kingine nyumbani, soma yuniti zilizobaki, chemsha hadi yaive, soma tena. Rudia siku nyingine kwa sufuria kwenye koili. Sasa uko na namba ambayo hakuna mtu wa California anaweza kukupa: maharagwe haya, kwa kifaa hiki, yalikula yuniti ngapi. Ukiongeza kwamba mvuke ukitoka mtoto wa jirani huamka, umemaliza uhakiki.

Ama chukua laptop za ex-UK ambazo makomredi wengi huanza nazo. Muuzaji atakuambia betri iko fiti. Kwenye Windows kuna amri, powercfg /batteryreport, inayotoa ripoti ya uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa. Mwonyeshe msomaji jinsi ya kuiendesha akiwa bado dukani, kabla hajatuma M-Pesa. Aya hiyo moja itamsaidia kuliko "Laptop 10 Bora za Wanafunzi" zote zilizowahi kuandikwa.

Pesa je?

Ni kidogo, na huchelewa. Mpango wa Amazon unataka upate mauzo matatu ndani ya siku 180 za kwanza, la sivyo akaunti inafungwa. Ukijinunulia mwenyewe kupitia linki yako haihesabiki, na kuwaomba mamako na marafiki wanunue ili wakubebe ni kuvunja masharti. Msomaji akibonyeza, kwa kawaida una saa 24 tu. Akirudi kununua kesho kutwa, si wako tena. Huruhusiwi kunakili maoni ya wateja wao ukayabandika kwako. Malipo huja takriban siku 60 baada ya mwezi kuisha.

Tena asilimia si mali yako. Aprili 2020, wakati watu walikuwa wamefungiwa nyumbani na maduka ya mtandaoni yakifurika, Amazon ilishusha kamisheni ya samani na vifaa vya kukarabati nyumba kutoka 8% hadi 3%, kwa notisi ya siku chache. Watu waliokuwa wameajiri waandishi waliamka wakiwa na chini ya nusu ya mapato.

Piga hesabu mwenyewe. Bidhaa ya dola 50 kwa 3% inakupa dola moja na nusu. Kufikisha dola 100 unahitaji mauzo 67. Tuseme watu wawili kati ya mia wanaobonyeza ndio hununua: hizo ni mibonyezo 3,350. Usiache kazi yako nyingine. Na serikali nayo inakujua: Sheria ya Fedha ya 2023 imetaja kamisheni za namna hii waziwazi kati ya mapato ya maudhui ya kidijitali, yanayokatwa kodi ya zuio ya 5%.

Niwaambie wasomaji kwamba nalipwa?

Ndio, juu kabisa, kabla ya linki ya kwanza, kwa Kiswahili ambacho shosh anaelewa: ukinunua kupitia hapa napata kitu kidogo. Amazon yenyewe inalazimisha useme. Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, inataka uhusiano kama huo utajwe wazi, na tangu Oktoba 2024 ina kanuni inayopiga marufuku maoni ya uongo, yakiwemo ya watu wasiokuwepo. Hapa kwetu Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya 2012 inakataza maelezo ya uongo na ya kupotosha kuhusu bidhaa. Lakini hata sheria zisingekuwepo, dalali anayejificha huwa anaficha nini?

Na kama bidhaa ni mbaya?

Sema usinunue. Hapa ndipo utanzu wote hukwama, kwa sababu sentensi hiyo haina kitufe. Umetumia wiki mbili kupima kitu, na hitimisho lako halikuletei hata shilingi. Lakini ndiyo sentensi inayofanya zingine zote ziaminike. Mtu akikuta umekataza tatu, ile moja uliyoikubali ataichukua bila kuuliza mara mbili. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ukurasa ambao kila kitu kinajitembeza, msomaji anajua wa kushuku.

Kisicho na linki

Sitakudanganya kwamba ukifanya hivi utafaulu. Februari 2024, HouseFresh, tovuti ndogo inayopima mashine za kusafisha hewa, ilichapisha malalamiko marefu: wananunua mashine, wanazipima kwa moshi chumbani, halafu kwenye Google wanazidiwa na majina makubwa ya magazeti yanayopendekeza bidhaa bila ushahidi wowote kwamba yalizipima. Google imekuwa ikitoa mabadiliko ya kuinua uhakiki wa kweli tangu 2021, na bado watu waliofanya kazi ya kweli waliumia. Ukweli si mkakati wa kupanda kwenye matokeo. Ni sababu ya mtu kurudi kwako akikujua kwa jina, bila kupitia Google.

Kuna kasoro nyingine kubwa zaidi, na hakuna uadilifu wa mwandishi mmoja unaoweza kuiponya. Kamisheni ndiyo inaamua ni vitu gani vihakikiwe. Vitu ambavyo wengi wetu hununua havina linki. Jiko la Gikomba halina linki. Kochi la Ngong Road lililotengenezwa kando ya barabara, fundi wa Luthuli anayebadilisha skrini, chaja ya kandokando, gesi ya mtungi mdogo inayoisha kabla ya wakati: hakuna anayekulipa ukimwambia mtu ni ipi nzuri. Kwa hivyo mtu mwenye pesa kidogo, ambaye kosa moja litamgharimu miezi sita ya lipa mdogo mdogo, ndiye anayeandikiwa kidogo zaidi. Aliye na pesa za kukosea, huyo ana makala elfu za kumshauri.

Ndio maana ningeomba kila anayefungua tovuti ya kamisheni aweke sheria moja ya nyumba: kwa kila kurasa tatu zenye linki, moja isiwe nayo. Nenda Ngong Road. Kalia makochi matano. Bonyeza mbao, uliza ni mti gani, geuza chini uone kama ni misumari ama gundi peke yake, rudi kwa mtu aliyenunua mwaka jana umuulize limekaaje. Andika hayo. Hakuna atakayekulipa, lakini huo ukurasa ndio mtu wa Pipeline atamtumia mwenzake kwa WhatsApp akisema soma hii kwanza. Siku huyo mwenzake akitafuta kitu chenye linki, ataanzia kwako, kwa sababu alikuona ukifungua mdomo wa ng'ombe ambaye hukuwa ukimuuza.